Mbeya hadi baharini na watoto wadogo: dalili, chanzo na la kufanya

Tumeshaenda pwani na gari letu mara tatu tangu tupate watoto, na mara zote tatu kuna kitu kiliharibika. Mara ya kwanza tumbo la mtoto, mara ya pili breki, mara ya tatu mimi mwenyewe, nilipokaa pembeni ya barabara pale Chalinze nikilia kwa uchovu huku baba watoto akinunua mahindi ya kuchoma kana kwamba hanijui. Haya nayaandika kwa ajili ya jirani yangu hapa Uyole anayejiandaa kushuka na wawili wa chini ya miaka sita, na kwa yeyote wa Tukuyu, Mafinga au Njombe mwenye wazo hilohilo.

Njia ni ileile ya malori: Makambako, Mafinga, Iringa, mteremko wa kona wa Kitonga, Mikumi, Morogoro, Chalinze. Mbeya hadi Iringa ni kama kilomita 330, Iringa hadi Morogoro ni 300 na ushei. Sisi tunalala Iringa, tunalala tena Morogoro, siku ya tatu tunaingia Bagamoyo kupitia Msata, kipande cha lami cha kilomita 64. Madereva wa mabasi watakucheka, maana wao hufika Dar siku hiyohiyo. Wacha wacheke, hawana pampasi za kubadilisha.

Shika jambo moja kabla ya kuanza kutafuta ubovu. Safari hii inakuteremsha kutoka mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari hadi kwenye bahari yenyewe, na dalili nyingi huonekana mahali ambapo chanzo hakipo. Mtoto anatapika Kitonga, lakini kosa lilifanyika kwenye chai ya Iringa. Breki zinanuka chini, lakini zilianza kuungua juu. Kwa hiyo ukiona tatizo, usihangaike na hapo uliposimama. Rudi nyuma saa mbili tatu uulize tulifanya nini.

Mtoto mropokaji amenyamaza ghafla

Hii ndiyo dalili ya kwanza ya kutapika, na wazazi wengi hushukuru Mungu kwamba hatimaye kumetulia. Usishukuru. Mtazame: anapiga miayo bila usingizi, anameza mate mara kwa mara, midomo imepauka, kuna jasho la baridi kwenye paji la uso. Una dakika tano, pengine mbili.

Chanzo kiko kati ya macho na masikio. Sikio la ndani linahisi kila kona na kila tuta. Macho ya mtoto mfupi aliyekaa nyuma yanaona mgongo wa kiti tu, au simu aliyopewa anyamaze, nayo yanamwambia ubongo kwamba hakuna kinachosogea. Ubongo ukipokea habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linaloadhibiwa. Wanaosumbuka zaidi ni wa kuanzia miaka miwili hadi kumi na mbili. Mtoto wa chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuka, kwa hiyo huyo akitapika, tafuta sababu nyingine kwanza.

Safari yetu ya kwanza tulikunywa chai Iringa saa tatu asubuhi: chapati za mafuta, maziwa, supu, na yai juu yake kwa sababu baba yao anaamini safari ni shibe. Tulipita Ilula, nyanya zimepangwa barabarani kwenye matenga, mtoto wetu wa kati akiwa anatazama katuni kwenye simu. Kona ya tatu ya Kitonga akaniita "Mama" kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia, na vyote vikarudi: chapati, maziwa, supu na yai. Vilimpata mdogo wake aliyekuwa amelala mapajani mwangu. Kitonga huwezi kusimama popote unapotaka, nyuma yako kuna lori la mafuta. Tulishuka na ile harufu hadi Ruaha Mbuyuni, vioo wazi, mimi nikifuta kwa khanga.

Sasa tunafanya hivi. Chai ya Iringa ni nyepesi: mkate mkavu, ndizi, maji kidogo kidogo. Tumbo tupu kabisa nalo ni baya, usiwanyime kula. Simu zinakusanywa Ilula bila mjadala. Anayeumwa anakaa katikati ya kiti cha nyuma, aone barabara mbele kupitia kioo, na tunamtafutia kazi ya macho ya mbali: hesabu malori, tafuta mbuyu wa kwanza. Kioo kinafunguliwa kidogo. Dereva naye ni sehemu ya ugonjwa, maana gesi na breki za ghafla zinatapisha kuliko kona zenyewe.

Dawa za kuzuia kutapika zipo, lakini muulize mfamasia na umtajie umri na uzito wa mtoto. Hunywewa kabla ya safari. Ukimpa akiwa ameshapauka, atazitapika pamoja na chai.

Kuhusu chombo cha kutapikia: tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019, ule mfuko uliokuwa ukikaa mfukoni mwa kila mama haupo. Kopo kubwa la siagi lenye mfuniko linafanya kazi vizuri kuliko mfuko ulivyowahi kufanya. Chukua mawili.

Akiendelea kutapika nusu saa baada ya gari kusimama, au ana homa, au anaharisha, basi si gari. Huyo ni mgonjwa, tafuta kituo cha afya.

Kichanga analia Kitonga, anajivuta sikio

Pale mnashuka mita mia kadhaa kwa muda mfupi. Hewa ya nje inazidi kuwa nzito kuliko ile iliyobaki nyuma ya ngoma ya sikio, na kimrija kinachounganisha sikio na koo, ambacho ndicho cha kusawazisha, kwa mtoto ni chembamba. Kinafunguka tunapomeza. Kwa hiyo mnyonyeshe wakati mnashuka, au mpe chupa, na mkubwa mpe pipi ya kumumunya au maji ya kunywa kwa funda dogo dogo. Ila kumnyonyesha gari likiwa kwenye kona, mtoto hajafungwa, sikushauri. Simameni juu kabisa kabla ya mteremko kuanza, anyonye nusu, mshuke, kisha amalizie mkifika chini.

Kosa letu lilikuwa kumwacha alale. Mtu aliyelala hamezi mara nyingi. Mwamshe kabla ya mteremko, najua inauma. Na kama pua imeziba kwa mafua ya Mbeya, tegemea kilio kirefu zaidi. Safisha pua kwa maji ya chumvi ya dukani kabla hamjaondoka Iringa. Kilio kikiendelea hadi jioni, au usaha ukatoka sikioni, hiyo tayari ni kazi ya daktari.

Harufu kama ya kuungua mkiwa bado mnashuka

Hapa namwachia baba watoto, lakini nitayasema kwa maneno yangu maana ya kwake ni marefu.

Ikiwa harufu inakuja mkishuka na pedali ya breki inaanza kuwa laini au inazama, breki zimepata moto kupita kiasi. Chanzo ni mguu uliokaa kwenye breki tangu juu. Pedi zikichemka hazishiki, na mafuta ya breki yakichemka yanatoa mapovu, ndiyo maana pedali inakuwa kama unakanyaga sponji. Mafuta ya breki ya zamani yana unyevunyevu ndani yake, hivyo huchemka upesi zaidi. Ukiona hivyo tia gia ndogo, tafuta mahali pana pa kusimama, simama, subiri zipoe zenyewe. Usimwagie maji, diski inaweza kupinda au kupasuka.

Dawa ya kweli ni juu: kabla mteremko haujaanza, ingiza gia ambayo ungeitumia kupanda mlima uleule. Gari la otomatiki lina namba 2 au L pale kwenye rungu, wengi hatujawahi kuigusa tangu tununue gari. Breki inakanyagwa kwa nguvu kidogo kisha inaachiwa, haikaliwi. Na gari lililobeba watu sita, godoro la mtoto na gunia la viazi vya zawadi halisimami kama lile unalokwenda nalo Mwanjelwa sokoni. Mwambie fundi wa gereji akupimie pedi na abadilishe mafuta ya breki wiki moja kabla, siyo siku moja kabla.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi gari likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mlango wa dereva. Huko chini kwenye joto kipimo kitapanda. Usipunguze upepo kwa sababu hiyo.

Kugombana nyuma, "tumefika?", mateke kwenye kiti cha dereva

Sababu ni nne tu, ziangalie kwa mpangilio huu: mkojo, njaa, joto, kuchoka kukaa. Ya tano ni tabia, lakini usianze nayo.

Dawa ya kuchoka kukaa ni kukimbia, na kukimbia kunataka mahali. Isimila, kama kilomita 20 kabla ya kuingia Iringa ukitokea Mbeya, ni mahali pazuri mno: nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale. Mkubwa wetu alishika jiwe akauliza kama lile ni kisu cha Mkwawa. Nikamwambia ni la kale kuliko Mkwawa mara nyingi sana. Hakuridhika, lakini alikimbia saa nzima na alilala tulipofika Iringa kama gogo.

Mikumi ni kinyume chake. Barabara inakata hifadhi kwa kilomita 50 hivi, hamshuki, hamrushi ganda la ndizi nje, na mwendo ni ule wa vibao. Wakojoe kabla. Piteni mchana, watoto waone twiga, na ninyi mumwone tembo akiwa bado mbali na bampa.

Vipele vidogo shingoni na mgongoni, mtoto hatulii

Harara. Chanzo tulikuwa nacho garini. Juni alfajiri Mbeya ni baridi ya kutoa moshi mdomoni, tukawavalisha vesti, fulana, sweta na kofia ya sufu. Tukafika Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na mibuyu, jua linawaka, na mdogo bado kavaa vyote kwa sababu alikuwa amelala na hakuna aliyetaka kumwamsha. Bibi yao, tuliyekuwa naye, ndiye aliyeshtuka: "Mwe! Mmemfunga mtoto kama ndizi za kuivisha."

Vua, muogeshe maji ya kawaida, mkaushe, mvalishe kitu kimoja cha pamba. Mafuta mazito ya kujipaka tunayotumia kwa ajili ya baridi ya kwetu yaacheni kwenye begi, yanaziba vinyweleo na kuongeza harara. Na maji ya kunywa mara mbili ya ulivyozoea. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea, au pampasi imekaa kavu kwa muda wa saa sita, hanywi vya kutosha.

Mmefika, na bahari haipo

Tulifika ufukweni Bagamoyo saa tano asubuhi, watoto wameshavaa nguo za kuogelea tangu Msata. Mbele yetu kulikuwa na tope, majani, ngalawa zimelala ubavu, na maji mstari mwembamba kule mbali. Wa kati akaniangalia kama niliyemuibia. "Mama, bahari imeenda wapi?"

Watoto wetu wanajua maji kwa kuona Matema, na Ziwa Nyasa halifanyi hivyo. Unaliacha jioni, unalikuta asubuhi palepale. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, saa sita hivi kutoka kujaa hadi kupwa, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mama mwenye nyumba ya wageni, watoto walipomwamkia shikamoo, aliitikia marahaba kisha akacheka. "Maji yamekupwa, mwanangu. Ni bamvua. Walisheni, walale, alasiri yatawafuata hapa hapa."

Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inafika mita tatu na zaidi. Siku hizo upande huu wa pwani maji huwa mbali asubuhi kuelekea saa nne, tano, na huwa yamejaa kama saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo, na saa zake ni kinyume. Kwa hiyo usiku wa kulala Morogoro toka nje uangalie mwezi kabla hujawaahidi watoto kitu. Mkikuta maji yametoka, nendeni Kaole mkaone magofu na makaburi ya kale, mrudi alasiri.

Hatari iko pale maji yanaporudi. Watoto wanapenda kufuata maji mbali, kwenye fungu la mchanga, wanaokota kaa na makombe. Maji yakianza kujaa hayaji kwa kishindo, yanaingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yenu, kati yenu na ufukwe. Mlipopita kifundoni mnarudi kiunoni, na kiuno chako ni kichwa cha mtoto. Muulize mvuvi saa ya maji kugeuka, rudini kabla yake.

Ameogelea, sasa anatapika au anaharisha

Tena Matema. Wa kati alizoea kufungua mdomo ziwani na kumeza akicheka. Baharini alifanya vilevile, mafunda mawili makubwa, kisha akasimama ameduwaa, uso umekunjamana kama ameng'ata limau. Alitapika mara moja, akapewa maji safi, jioni akala wali. Akimeza kidogo ndivyo huwa, hupita.

Ikiwa ni kuharisha kwa siku ya pili, chanzo mara nyingi ni chakula au maji ya kunywa, na chumvi ya bahari haina kosa. Changanya ORS kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye paketi, wala usikadirie, mpe kidogo kidogo kila baada ya choo, endelea kunyonyesha, na zinki ipewe siku 10 hadi 14 hata kama tumbo limeshafunga. Damu kwenye choo, macho yaliyoingia ndani, kulegea: hospitali, usisubiri kesho.

Anachechemea

Kakanyaga mdudu mweusi mwenye miiba kama sindano, anayekaa kwenye mawe na majani ya bahari. Loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yajaribu kwanza kwa mkono wako, na miiba iliyojitokeza itolewe kwa kibano. Ndala hazisaidii, zinavuka na maji. Vaeni viatu vya raba vilivyochakaa.

Mkirudi, mshale wa joto unapanda

Kitonga ile ile, sasa mnaipanda, nyuma ya lori linalotambaa, AC imewashwa, jua la saa saba. Zima AC. Washa hita, ndiyo, hita, inavuta joto la injini, watoto watavumilia dakika kumi. Mshale ukigusa nyekundu tafuta nafasi, simama, zima, na usifungue mfuniko wa rejeta hadi uweze kuushika kwa mkono mtupu. Anayefungua mapema huungua uso. Chanzo mara nyingi ni maji ya bomba yaliyowekwa badala ya kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), feni isiyozunguka, au rejeta iliyojaa matope ya kwetu ya masika. Baridi ya Mbeya huficha ubovu huo mwaka mzima. Pandeni asubuhi mapema.

Homa, mmesharudi nyumbani

Hii ndiyo ninayotaka jirani yangu aisome mara mbili.

Malaria haianzi siku ile mbu alipong'ata. Huchukua angalau siku saba, mara nyingi siku 10 hadi 15. Homa ya siku ya pili mkiwa Bagamoyo inaweza kuwa sikio, koo, au kitu mlichotoka nacho. Ipimwe hata hivyo. Ile ya pwani hujitokeza mkiwa mmeshafua nguo na kusahau mchanga. Watoto waliokulia kwenye baridi ya Mbeya, Makete au Njombe miili yao haijaizoea, na inaweza kuwazidia haraka kuliko watoto wa huko.

Wa kati alianza homa siku ya kumi na mbili. Ilikuwa Julai, Uyole upepo unakata, kila mtoto mtaani anakohoa. Nilimfunika blanketi nikamwambia baba yake ni mafua. Usiku alitetemeka, akatoka jasho, asubuhi akaomba uji akacheza, nikajipongeza. Jioni homa ikarudi. Zahanati tuliyokwenda foleni ilikuwa ndefu, yote mafua, na muuguzi alikuwa ameshaanza kuandika dawa ya kikohozi ndipo nikasema, kama mtu anayeomba radhi, "Samahani dada, tulikuwa Bagamoyo." Kalamu ikasimama. Akamchoma kidole, na baada ya robo saa kipimo kikaonyesha mistari miwili. Alikula dawa mseto siku tatu, akamaliza zote, akapona.

Kwa hiyo sema kabla hujaulizwa, na endelea kusema kwa miezi miwili mitatu baada ya safari. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, mwenye degedege au usingizi usioamshika, asingoje foleni.

Chanzo? Nakikumbuka vizuri. Tulikuwa na vyandarua vyetu, tulivifunga kila usiku. Ila usiku wa tatu tulikaa barazani tukila pweza hadi saa nne, watoto vifua wazi kwa sababu ya harara, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema tuwaache kidogo, wamefurahi.